Jiwe la Nne Nyuma ya Magodauni

Shiru, ambaye nyinyi nyote mnamjua kwa kuwa ndiye anayewafundisha njia, alinipigia simu akitaka nije nizungumze nanyi mnaoanza kazi ya kutembeza wageni hapa Nakuru. Nikamwambia magoti yamegoma na sauti imekwisha. "Basi andika, mathe," akasema. "Lakini usiwatishe." Hilo la pili sikumwahidi.

Jina langu ni Truphosa, binti wa fundi wa reli, na kazi hii nimeifanya miaka ishirini na minane. Ziara yangu ilikuwa moja tu: Nakuru wakati wa Vita vya Pili. Tulianzia stesheni, pale askari wetu walipopandishwa treni kwenda Abisinia na Burma. Tukapita kwenye magodauni yaliyojazwa buti na magunia ya mahindi ya jeshi. Tukamalizia nyuma ya magodauni hayo, kwenye kiwanja kidogo chenye ua wa kayaba, ambapo inasemekana palikuwa na kambi ya askari wagonjwa. Pale pana mawe saba ya saruji yasiyo na maandishi. Tunaamini chini ya kila jiwe amelala mtu aliyerudi kutoka vitani akakosa nguvu za kufika kwao. Nasema tunaamini kwa sababu karatasi hakuna.

Acha niwape kwanza yale yanayofaa, kabla hamjachoka nami. Jua likuchome wewe usoni, wageni walipe mgongo; mtu anayekunja macho hasikilizi. Hesabu vichwa kabla ya kuvuka barabara kuu, si baada ya kuvuka. Waonyeshe choo kabla hawajauliza, maana mgeni aliyebanwa hasikii hata ukimwambia vita vimeanza upya leo asubuhi. Ukiona wingu limekaa juu ya Menengai alasiri, usianzishe hadithi ndefu. Na msitembee kinyumenyume mkizungumza, hata kama mmeona wenzenu wa Nairobi wakifanya hivyo. Mimi nilitembea kinyumenyume mara moja tu, nikaketi kwenye karai la mama wa nyanya, nikamaliza ziara nikiwa na sketi nyekundu.

Aliyenifundisha ni Mzee Wandera, karani wa reli aliyestaafu, mtu wa kuvaa tai hata kwenye mvua. Yeye ndiye aliyeanza kuwatembeza watu mjini hapa, kabla hata hatujajua kwamba hiyo inaweza kuitwa kazi. Siku yangu ya kwanza nilimwaga tarehe na majina ya majenerali hadi wageni wakaanza kutazama saa. Mzee Wandera akanivuta pembeni.

"Truphosa, usiwape watu vita," akaniambia. "Vita ni kubwa, haiingii kwa kichwa. Wape mtu mmoja."

Alikuwa sahihi. Kwenye kila kituo alikuwa na mtu mmoja. Stesheni alikuwa na mjomba wake aliyepakia treni mpaka mabega yakapinda. Godauni alikuwa na mama aliyeshona vifungo vya makoti ya askari. Aliwajua watu hao, alikula kwao, aliwazika. Mimi nilichukua ufundi wake nikaacha msingi wake, na sikugundua kwamba nimeacha kitu.

Nilianza na tanuri. Karibu na magodauni palikuwa na tanuri la matofali, zuri kabisa, nikawa nawaambia wageni kwamba lilijengwa na mateka wa Kiitaliano walioshindwa kula ugali wetu wakadai mkate. Watu walilipenda sana tanuri lile. Siku moja akatoka mzee Mhindi mwenye bekari, unga hadi kwenye viwiko.

"Mama," akasema, "hiyo nimejenga mimi mwenyewe, juzi juzi tu. Mtaliano gani?"

Wageni walicheka hadi wakashikana. Nikacheka nao. Mzee akatupa mikate ya moto, ikawa siku njema kuliko zote za mwezi ule. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Badala yake nilijifunza kwamba uongo ukigunduliwa watu hucheka, mnapewa mkate, na maisha yanaendelea.

Sasa sikilizeni habari ya mawe.

Mzee Wandera alipofariki, mimi ndiye niliyebaki na ziara. Kituo cha mawe saba kilinisumbua. Wageni walifika wakiwa wamechoka, wakauliza, "Hapa amelala nani?" Nami nikajibu, "Haijulikani." Basi nilikuwa nimewapoteza. Mmoja anafunga kamba za viatu, mwingine anauliza flamingo wako wapi. Kumaliza ziara hivyo kuliniuma, kwa sababu nilikuwa na kiburi cha kazi, na nilitaka watu waondoke wakiwa wamebeba kitu.

Ndipo siku moja nikalipa jiwe la nne jina. Nilichagua la nne kwa kuwa liko katikati na lina kivuli cha mkalitusi. Nilichagua jina la Kipkemoi kwa kuwa ukiita Kipkemoi kwenye soko lolote huko juu milimani, wanaume watano watageuka. Nikasema ametoka Kuresoi, kwa kuwa ukisimama pale jiwe lilipo, siku isiyo na vumbi, unaiona miinuko ya Mau kwa mbali. "Alikufa akitazama kwao," nikawaambia. Mwanamke mmoja akatoa kitambaa. Mwanamume mmoja aliyekuwa akilalamika njia nzima akavua kofia. Kuanzia siku ile sikuweza kuacha.

Nililisema hilo mwaka mmoja, labda na zaidi kidogo. Kisha mwalimu fulani wa huko Kuresoi akaleta wanafunzi wake, nao wakarudi nyumbani na habari ya Kipkemoi. Baada ya wiki chache, nikiwa na kikundi palepale kwenye mawe, akaja mwanamke wa makamo amejifunga leso kichwani, mikono yake myeusi kwa udongo wa viazi. Alisubiri nimalize sentensi. Watu wa huko juu wana adabu.

"Wewe ndiye madam ya mawe?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Naitwa Taprandich. Huyo Kipkemoi yako, alikuwa anafanya kazi na punda ama na nyumbu za kubeba mizigo?"

Kikundi kizima kilikuwa kinasikiliza. Nilimwangalia usoni nikaona ni jibu gani analitaka.

"Nyumbu," nikasema.

Akasogea hatua moja. "Na alikuwa na alama hapa?" Akagusa juu ya jicho la kushoto.

"Ndiyo."

"Alipigwa teke na nyumbu ya mzungu akiwa kijana."

"Ndiyo, mama. Ndivyo tunavyoambiwa."

Vijana, nilikuwa na nafasi tatu za kusema sijui, na zote tatu nikazipita. Sikumwibia kitu chochote siku ile, wala sikumchukia. Nilitaka tu kumpa alichokuja kukitafuta, na nilitaka wageni wangu waone. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na sijui lipi lilikuwa zito zaidi.

Akaketi kwenye nyasi kando ya jiwe, akaweka kiganja juu ya saruji. "Basi amekufa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Baadaye, wageni walipoondoka, alinieleza. Baba yake, naye akiitwa Kipkemoi, alikwenda vitani akiwa amemwacha yeye hata kukimbia hajajua vizuri. Hakurudi, wala barua haikuja. Kwao, mtoto akizaliwa, wazee wa kike hukusanyika wakaita majina ya waliokufa wa ukoo, moja baada ya jingine, hadi mtoto apige chafya. Jina lililoitwa wakati huo ndilo lake, na huyo aliyekufa amerudi nyumbani. Kanisani wanakwenda, na bado wanaita. Lakini mtu ambaye haijulikani kama amekufa haitwi. Watoto wote wa nyumba yao walikuwa wamezaliwa, na baba yake hakuwahi kuitwa hata mara moja. Alikuwa nje ya mlango, akasema, haruhusiwi kuingia.

Mwaka uleule mke wa mwanawe alijifungua mtoto wa kiume. Wakaita. Mtoto akapiga chafya kwa jina la Kipkemoi. Kogo, maana ndivyo huko wanavyomwita nyanya na ndivyo nami nilivyokuja kumwita, alinitumia gunia zima la viazi kwa shukrani. Nilivila viazi vile, vilikuwa vitamu, na vingine niliwagawia majirani nikijisifu.

Kila mwaka, kabla ya msimu wa kupanda, Kogo alikuja Nakuru kuliosha jiwe. Alikuja na kibuyu cha maziwa na kitambaa safi. Tulikunywa chai pamoja. Alinisimulia habari za baba yake, yale machache ambayo mama yake alimwachia: kwamba alipiga mluzi akifunga nyumbu, kwamba hakupenda chumvi. Nami, Mungu anisamehe, niliyachukua yote nikayatia kwenye ziara yangu. Mluzi, chumvi, alama juu ya jicho. Hadithi ikawa tamu ajabu, na ikawa na ukweli mwingi ndani yake, isipokuwa pale ilipohusu jiwe. Shiru alipokuja kujifunza kazi kwangu, aliipokea hivyohivyo, neno kwa neno.

Nilistaafu. Mwaka jana Shiru alikwenda Naivasha kuzungumza na watu wa Kihoto, wale ambao ziwa lilifurika likawatoa kwenye nyumba zao. Alikuwa akitafuta hadithi za ziara mpya. Akanipigia simu akiwa anapumua haraka kwa furaha.

"Mathe, huwezi amini! Nimepata karatasi ya yule msee wa jiwe la nne. Ile ya kuachishwa jeshi. Jina iko, Kuresoi iko, nyumbu iko, hadi ile alama ya uso imeandikwa."

"Umeipata wapi?"

"Kihoto, kwa mtoto wake. Anaitwa Wambui. Maji ikiingia, hiyo mkebe ya makaratasi ndiyo alitoa kwanza."

"Shiru, mtoto wake vipi?"

"Si wa kuzaa, alimlea tu. Mzee alikaa kwao miaka mob, akakufa akiwa mzee kabisa. Sasa itabidi tubadilishe script kiasi, lakini hiyo ni story kali, ama?"

Nilimwambia nina mgeni mlangoni nikakata simu. Mgeni hakuwapo.

Mengine nilimwuliza Wambui mwenyewe kwa simu, baada ya siku mbili, na nilimwuliza kwa ustadi, maana kuuliza ndiyo kazi iliyonilisha. Mzee Kipkemoi alirudi kutoka vitani salama. Alipanda hadi kwenye shamba la mzungu alikoiacha familia yake, akakuta vibanda vimebomolewa na watu wamehamishwa, na hakuna aliyejua wamepelekwa mlima upi. Alitafuta hadi nguvu zikamwishia. Akateremka Naivasha, akapata kazi ya ulinzi kando ya ziwa, akapanga chumba kwa mamake Wambui. Uzeeni, kila aliposikia mtu anaongea Kikalenjin njiani, alimsimamisha akamwuliza kama anamjua msichana anayeitwa Taprandich. "Alikuwa anasema msichana," Wambui aliniambia. "Hata akiwa na miaka themanini alikuwa anasema msichana."

Nikamwuliza alifariki lini. Nikahesabu kwa vidole kwenye meza ya jikoni. Alikuwa ameishi miaka kumi na mmoja baada ya mimi kumlaza chini ya jiwe la nne.

Nilikaa wiki mbili bila kumwambia mtu. Nilijiambia Kogo ni mzee, acha afe na amani yake. Kisha nikatambua ni amani yangu ninayoitetea. Nikapanda kwenda Kuresoi.

Kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Kogo alikuwa ameketi jikoni, jicho moja limeshaingia ukungu pia. Mjukuu wake Kipkemoi, yule wa chafya, sasa ni mwanamume mwenye mabega, alikuwa akichimba viazi nyuma ya nyumba; Kogo akamwita aje anisalimie. Walifurahi. Chai ikamiminwa. Sikuweza kuinywa. Nilisema yote, kuanzia nilivyochagua jina hadi karatasi ya Kihoto, na nilisema haraka, kwa sababu kama ningesimama ningeanza kupamba.

Nilipomaliza, Kogo akasukuma kuni ndani ya moto.

"Nilikuwa nauza viazi Naivasha," Kogo akasema. Hakuwa akinitazama. "Kabla ya jiwe yako. Kila Jumamosi. Nilikuwa nauliza kila mzee. Nilikuwa nimeshauliza soko yote, na stage, na upande ya kanisa. Nilikuwa nimebakisha tu upande ya ziwa. Halafu nikaambiwa yuko Nakuru, nikaacha kuenda."



Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni, jembe mkononi. Alikuwa ameitwa jina la mtu ambaye wakati ule alikuwa hai, anapiga mluzi kando ya ziwa. Katika nyumba ile hilo si jambo dogo. "Kogo," akauliza polepole, "sasa mimi ni nani?" Kogo hakumjibu. Kijana akangoja, akangoja sana, kisha akarudi kwenye viazi vyake. Mimi nilikuwa nimefundishwa kujaza kimya chochote kinachotokea mbele ya watu, na kile sikuthubutu kukigusa.

Najua mnangoja niwaambie nilivyorekebisha. Hakuna nilichorekebisha. Shiru ameiondoa hadithi ya Kipkemoi kwenye ziara, na ninasikia sasa mnamalizia kwenye mawe saba, mnasema haijulikani, na wageni wanageukia simu zao. Waacheni wageuke. Kuna siku mtajaribiwa, hasa mkiwa na kikundi kizuri na mtu mmoja ndani yake mwenye macho yanayoomba. Mimi nilidhani ufundi wangu ni huruma. Nimejichukia kwa hilo mwaka mzima, na kujichukia hakujamfaa mtu yeyote.

Siku ile, jikoni kwa Kogo, nilisimama niage. Kogo akainua mkono.

"Kazi yako ni kupeleka watu," akasema. "Nipeleke."

Wiki iliyofuata nikampeleka Kihoto. Wambui alitungoja mwisho wa barabara, pale lami inapoingia majini. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya chini. Alimshika Kogo mikono yote miwili. Mbele yetu kulikuwa na maji na magugu, na mapaa ya mabati yamechomoza hapa na pale, na nguzo ya umeme imeinama. Kiboko alikuwa akipumua mahali fulani, hatukumwona. Mimi, niliyejisifu kwenu kwamba ninajua kuuliza, sikuwa nimemwuliza Wambui kaburi liko wapi. Nilidhani kaburi ni kaburi, litakuwapo.

"Tulimzika hapa kwa plot yetu," Wambui akasema. "Ilikuwa ni msalaba ya mbao tu, hatukuwa na simiti. Maji imechukua. Sasa hata mimi sielewi kama ni mbele ya hiyo paa ama ni nyuma. Nisamehe, mathe."

Kogo alitazama maji kwa jicho lake moja zima. "Ni wapi?" akauliza, bila kumtazama mtu.

Mkono wangu wa kulia ukainuka. Kiganja wazi, vidole pamoja, kama nilivyouinua mbele ya vikundi vyote vya miaka ishirini na minane. Ukaelekea kwenye paa la pili, ambapo magugu yalikuwa yamekusanyika vizuri na mwanga ulikuwa mwema, na mdomo wangu ukaanza wenyewe, kwa ile sauti ya chini ninayoitumia kwenye kituo cha mwisho.

"Pale, Kogo, pale ndipo—"

"Shusha mkono," akasema Kogo.

Nikaushusha. Akamgeukia Wambui, akamwuliza baba yao alikuwa akipenda kula nini, nami nikarudi nyuma hadi mahali ambapo sikuweza kuwasikia.